Kinini Gani?

Kwetu Kongo neno «kinini» limetembea safari ndefu. Wazee wetu walilipokea kama jina la dawa moja tu, ile chungu ya malaria iliyotoka katika ganda la mti wa Amerika ya Kusini. Leo, sokoni na nyumbani, kila kidonge kimekuwa kinini. Cha kichwa ni kinini, cha minyoo ni kinini, cha tumbo na cha usingizi ni kinini vilevile. Mama akisema, «Nilimpa mtoto kinini», hakusema uongo. Walakini hakutuambia neno lolote. Wasomaji wapendwa, tunataka kuwasimulia habari ya usiku mmoja ambapo neno hilo dogo lilikaribia kuleta msiba, na habari ya mtu aliyevuka uwanja chini ya mvua ili aulize swali. Tena tutasema na aibu yetu wenyewe, maana bila hiyo habari haitakuwa kamili.

Sisi tulifanya kazi ya uuguzi miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo tuliimaliza katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya Kivu. Jina lake hatulitaji. Kilikuwa chumba cha vitanda sita, na mara nyingi wagonjwa kumi na wawili. Upande mmoja mlango wa kuingilia, ambapo walishushwa watu wa ajali, akina mama wenye kutoka damu, watoto wenye degedege. Upande wa pili beseni la kunawia, na juu yake taa iliyowaka wakati umeme ulipopenda. Famasi ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Ilikuwa na dirisha dogo la nondo, na mbele yake foleni. Daktari aliandika karatasi. Sisi tulimpa jamaa wa mgonjwa. Jamaa alikimbia na karatasi na pesa mkononi. Akarudi na dawa, ao akarudi na neno «haipo». Mfamasia mwenyewe hatukumjua. Tulijua mkono wake tu, uliotokeza katikati ya nondo.

Mtu aweza kuuliza: namna gani watu wawili waliosoma kwa ajili ya mgonjwa mmoja wafanye kazi miaka mingi wasijuane uso? Sisi twaona jambo hili lina mizizi ya zamani. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, inchi yetu haikuwa na daktari hata mmoja aliye Mkongo. Walikuwapo wasaidizi wa madaktari, watu hodari kabisa, na baadhi yao walipelekwa Ufaransa mwaka ule ule kumaliza masomo ya udaktari. Hivi daktari wetu alipopatikana alikuwa lulu, na lulu haiulizwi maswali. Alilolisema lilikwisha kusemwa. Sisi wauguzi tulijifunza kutii, na mfamasia, ijapokuwa alikaa miaka mingi kwenye benchi la chuo kikuu akijifunza dawa tu, tulimhesabu kama mtunza ghala.

Basi ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka 2007, saa tatu ya usiku, na mvua ilikuwa inanyesha. Pikipiki iliingia mpaka mlangoni. Kati ya dereva na mama mmoja alibanwa mtoto mwanamume wa miaka sita hivi, wametoka tambarare ya Ruzizi. Mtoto alikuwa na homa kali, alitapika kila kitu, hakuweza kukaa wala kusimama. Tulimpima: kilo 18. Tone la damu yake chini ya darubini lilionyesha malaria nyingi. Daktari wa zamu alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka ya haki. Akamwuliza mama, «Amepewa dawa gani?»

«Kinini tu, Docta.»

Sisi ndio tulioandika jibu lile. Tukaandika: kidonge cha homa. Hakuna aliyetuambia kwamba kilikuwa kidonge cha homa. Tulijiambia wenyewe, kwa kuwa akina mama kumi waliotangulia walikuwa wametoa vidonge vya homa.

Wakati ule malaria kali ilitibiwa kwa kinini yenyewe, ile ya kweli, katika maji ya sukari yanayoingia mshipani pole pole. Tena dozi ya kwanza ni maradufu: miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili kwa muda wa saa nne, ili damu ijae dawa upesi kabla ugonjwa haujashinda, halafu, kila saa nane, miligramu 10 kwa kilo. Daktari alihesabu vizuri. Kilo 18, miligramu 360. Lakini sheria hiyo ina mlango wake: kama mgonjwa amekwisha kupata kinini siku ile, dozi maradufu haitolewi. Daktari aliujua mlango huo. Aliukuta umefungwa, kwa kuwa sisi tulikuwa tumeufunga na kalamu yetu.

Dereva wa pikipiki alikimbia na karatasi. Kwa kawaida usiku famasi ilikuwa na kijana wa zamu tu, mwenye kutoa kilichoandikwa. Usiku ule mfamasia mwenyewe alikuwapo, maana alikuwa anahesabu mali ya mwezi. Tulingoja. Kisha tukamwona anavuka uwanja, mvua inamnyeshea, dawa ameishika ngumini. Hakutupa. Akauliza mtoto yuko wapi.

Hasira ilitupanda. Tukamwambia, «Baba, mtoto anatufia mikononi, nawe unatuletea maswali?»

Akajibu, «Mama, unisamehe. Ni swali moja.» Akageuka kwa mama wa mtoto. «Mama, kinini gani?»

«Kinini.»

«Cha kumeza?»

«Cha kumeza, akakitapika.»

«Na nyuma yake?»

Mama akatazama chini. Tuliona anasokota pindo la kitenge chake, lakini hatukuelewa. Mfamasia hakumkaza. Alichuchumaa karibu na kitanda, uso wake ukalingana na uso wa mtoto, akasema kwa sauti ndogo, «Papa, masikioni mwako unasikia nini?»

Mtoto akafumbua macho. «Nyuki.»

«Tangu mchana anataja nyuki,» akasema mama yake. «Tulidhani homa imempoteza akili.»

Mfamasia akasimama, akaenda kwa daktari penye beseni, wakasema kwa Kifaransa. Sisi tulisikia. Alisema kwamba mlio wa namna ile masikioni ni alama ya kinini iliyokwisha kujaa mwilini. Kila kitabu cha dawa kinaieleza. Ndipo mama akafungua fundo la kitenge. Ndani yalikuwamo noti mbili zilizolowa, na vichupa viwili vya sindano, vitupu, shingo zimevunjika. Alikuwa ameviweka ili amwonyeshe mume wake pesa zimekwenda wapi. Sindano mbili: moja asubuhi, moja saa nane ya mchana, kwa mtu wa kijijini ambaye hana ruhusa ya kupiga sindano, naye alimkataza asiseme hospitalini.

Daktari alinyamaza kidogo. Tulimwangalia, maana tulijua madaktari ambao wangalimfukuza mfamasia saa ile ile. Yeye aliipasua karatasi ya kwanza, akaandika nyingine: miligramu 180. Tena akaagiza sukari ya damu ipimwe sasa hivi. Ilikuwa chini sana. Malaria kali hushusha sukari, hasa kwa watoto, na kinini nayo huishusha. Mtoto yule alikuwa ameshikwa na pande zote mbili. Alipewa glukozi mshipani. Kabla ya mapambazuko aliomba kiazi.

Hatuwezi kuapa kwamba angekufa. Kinini ikizidi hushusha sukari, hushusha nguvu ya damu, na kuvuruga mapigo ya moyo. Lakini mwili wa mtoto una siri zake, na wengine huponea mahali ambapo vitabu vinasema hakuna njia. Twasema tu kwamba tulikuwa tumekwisha kuandaa chupa ya maji, na sindano ilikuwa mkononi mwetu.

Sasa tufike kwenye aibu. Usiku ule, kazi ilipopungua, hatukuweza kulala katika kiti kama desturi yetu. Tulikumbuka mwaka 1998, wakati vita vilipoanza tena, na msichana mmoja wa miaka minne hivi. Yeye naye aliletwa na malaria kali. Mama yake naye alisema, «Alipewa kinini.» Hakuna aliyeuliza kinini gani. Dozi maradufu iliandikwa, famasi ikatoa, sisi tukaitundika. Karibu na alfajiri mtoto akawa baridi, akatetemeka degedege, akafa. Vipimo vya sukari hatukuwa navyo siku zile. Katika karatasi tuliandika: malaria ya ubongo. Labda ilikuwa kweli. Malaria ya ubongo huua watoto pasipo msaada wa mtu yeyote. Lakini tangu Aprili ile ya 2007 hatuna tena uhakika. Tulikaa na jambo hili miaka mingi. Siku moja tulimweleza mfamasia yule. Hakutufariji. Aliuliza, «Alikuwa kilo ngapi?» Tukamwambia hatukumbuki. Akaitika kwa kichwa, tukakaa pamoja bila kusema.

Turudi kwa habari ya kazi. Kesho yake daktari mkubwa wa hospitali alipopata habari, hakufurahi. Alisema si vizuri mfamasia kumpinga daktari mbele ya mzazi, kwa sababu mzazi atapoteza imani, na mgonjwa asiye na imani hamezi dawa. Wengine walimcheka chini chini. Sisi tunaona alikuwa na sehemu ya haki. Mzazi aliye katika hofu hawezi kuona wakubwa wawili wanavutana juu ya kitanda cha mwanawe. Basi wakakubaliana jambo dogo ambalo lilidumu kuliko mikutano mingi: mfamasia atakuja chumba cha dharura kila asubuhi, mbele ya daktari kupita kwenye vitanda, na wakitofautiana, watasemezana penye beseni. Beseni lile likawa baraza. Tumeona pale maneno makali, na mara moja tumeona daktari na mfamasia wanacheka mpaka machozi, wala hawakutuambia sababu.

Alipoingia kwetu mara ya kwanza mchana, mfamasia alifungua kabati letu la dawa za haraka, akatoa potasiamu, yote. Tulipiga kelele. Akaweka kichupa kimoja cha potasiamu mezani, na karibu nacho kichupa cha maji ya kuchanganyia sindano, akazungusha majina yasionekane. Akasema, «Mama, chagua la maji.» Vyote viwili vilikuwa vyeupe kama maji ya mvua, ukubwa mmoja. Potasiamu isiyochanganywa, ikisukumwa mshipani kwa haraka, husimamisha moyo. Hatukuchagua. Tangu siku ile dawa hiyo ilikaa ng'ambo ya uwanja, na anayeihitaji huenda kuitafuta na kusema ni ya nani.

Alituletea na mzani, akauweka mlangoni, akachora mstari wa chokaa kutoka mlango mpaka mzani ili mtu asiupite. Alitukataza kuandika nukta ya desimali bila sifuri mbele yake, maana nukta hupotea katika karatasi chafu, na nusu ikawa tano. Aliwaambia madaktari dawa gani ipo na ipi haipo, na ipi ya bei ndogo inafanya kazi ile ile. Jambo hili la mwisho lilisaidia watu kuliko tunavyoweza kueleza, kwa sababu katika inchi yetu jamaa hulipa kwanza, na wengi huuza mbuzi kwa ajili ya jina la dawa ambalo lina ndugu yake wa bei nafuu kwenye rafu hiyo hiyo.

Kugawana kazi hivi si mambo mapya. Katika karne ya 13 Kaizari Frederick II alitoa sheria katika ufalme wake wa Sisilia, akatenga kazi ya daktari na kazi ya mwuza dawa, akawakataza wasifanye ushirika wa biashara. Alitaka anayeandika asipate faida kwa anachokiandika. Kanisa nalo limewaweka ndugu wawili, Watakatifu Kosma na Damiano, wasimamizi wa madaktari na wafamasia, na sikukuu yao ni moja, tarehe 26 Septemba. Kutenga kazi kulikuwa vizuri. Kosa ni kwamba kwetu kutenga kazi kuligeuka kuwa kutenga watu, na katikati yao uwanja na mvua.

Halafu dawa yenyewe ikabadilika. Mwaka 2010 zilitangazwa habari za uchunguzi mkubwa uliofanywa katika inchi tisa za Afrika, na watoto wa Kinshasa walikuwamo. Watoto 5,425 wenye malaria kali waligawanywa: wengine walipewa kinini, wengine artesunate, dawa iliyotoka katika mmea wa Uchina. Kati ya waliopata kinini walikufa karibu 11 katika kila 100; kati ya waliopata artesunate, 8 ao 9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya la Ulimwengu likaagiza watoto nao wapewe artesunate. Tulifurahi, tukadhani shida ya dozi imekwisha.

Haikwisha, ilibadili nguo tu. Artesunate huja kama unga katika kichupa cha miligramu 60. Kwanza hutiwa mililita moja ya bikarbonate, hutikiswa mpaka iwe maji safi. Kisha huongezwa maji mengine, mililita 5 kama inaingia mshipani, 2 kama inaingia katika nyama. Ikikwisha kuchanganywa haikai zaidi ya saa moja. Mtoto asiyefika kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, si 2.4 kama mkubwa, maana mwili mdogo huimaliza dawa upesi zaidi. Mtoto kama yule wa nyuki angepata miligramu 54, karibu kichupa kizima. Wiki za kwanza tulikuta wauguzi wanaotia maji ya mshipani kwa sindano ya nyama, na daktari mmoja aliyeandika «kichupa kimoja» kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Mfamasia alisimama mezani siku tatu, akachanganya mbele yetu, akatufanya tuchanganye mbele yake. Tena alibandika ukutani karatasi yenye kilo upande huu na mililita upande huu. Daktari aliisahihisha kwa kalamu nyekundu mahali pawili, naye mfamasia akaiandika upya bila kununa. Hapo tulijua kazi imeshika.

Walio mbali na hospitali hudhani mambo haya ni ya wakubwa wa vyuo. Wakumbuke yaliyotokea Ituri. Tangu mwezi wa Desemba 2014 vituo vya afya vya huko vilianza kupokea watu ambao shingo zao zimekakamaa, uso umepindika, macho yamegeuka juu, ulimi hautii. Wengi walikuwa watoto. Madaktari walifikiri homa ya uti wa mgongo, na nani angewalaumu? Shingo iliyokakamaa ndiyo alama yake. Lakini maji ya uti wa mgongo yalikuwa safi. Iliwabidi watu wa vitanda na watu wa dawa na wa maabara kukutana, na kuuliza kila jamaa, vijiji kwa vijiji, mgonjwa amemeza nini. Vidonge vilikusanywa, vikapimwa, na mkojo wa wagonjwa ukapimwa. Watu walikuwa wamenunua diazepam, kidonge ambacho huko hutumiwa kwa magonjwa mengi, hata yasiyo yake. Ndani ya kidonge hamkuwa na diazepam. Mlikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, kwa kipimo kikubwa. Hata kufika Agosti 2015 walikuwa wamepokewa wagonjwa zaidi ya elfu moja, na 11 walikufa. Daktari peke yake, na darubini yake na macho yake mazuri, asingeweza kuona hayo. Jibu lilikuwa katika kopo la vidonge, si katika mwili wa mtoto.

Na katika inchi za matajiri? Huko nako wamejifunza kwa kupima. Boston, Marekani, hospitali moja ilimweka mfamasia apite pamoja na madaktari katika chumba cha wagonjwa mahututi; habari zake zilitolewa mwaka 1999, na madhara yaliyotokana na makosa ya kuandika dawa yalipungua kwa theluthi mbili. Huko Melbourne, Australia, walikwenda mbali zaidi: mgonjwa mwenye dawa nyingi akiingia hospitali, mfamasia humwuliza kwanza habari ya dawa zake, kisha yeye na daktari huandika karatasi pamoja. Kwa desturi ya zamani karibu wagonjwa 79 katika 100 walikuwa na kosa katika karatasi zao; kwa desturi hii mpya, karibu 4. Tuliposoma hesabu hiyo tuliisoma mara mbili. Watu wale wana mashine za kuandika, taa zisizozimika, wauguzi wengi. Na bado walikosea kama sisi, mpaka wawili walipokaa kwenye karatasi moja.

Tusiwadanganye kwamba kwetu kila kitu kilinyooka. Mfamasia alikuwa mmoja, na ugonjwa wa ghafula haupendi mchana. Alipokwenda nyumbani kulala, uwanja ulirudi kuwa mpana kama zamani. Tena kuna wakati ambapo maswali ni dhambi: mtu anayetoka damu, mtu anayekosa pumzi, mama mwenye kifafa cha mimba. Daktari mmoja alilalamika kwamba vijana wa famasi, baada ya kusifiwa, walianza kushikilia karatasi kwa sababu ya herufi moja, na mgonjwa anangoja. Alikuwa na haki, na mfamasia mwenyewe alimpa haki penye beseni. Walipanga sanduku la dawa za kifo na uzima, lenye adrenalini na glukozi na nyingine chache, likae kwetu bila karatasi. Alisema, «Hizi mpe kwanza, mimi nitauliza baadaye.» Kila asubuhi alilihesabu. Mara moja alilikuta limepungua na hakuna aliyeandika. Hasira aliyotuonyesha siku hiyo hatujaisahau.

Yeye alihamishwa mbali. Sisi tulistaafu. Mwaka jana tulirudi katika chumba cha dharura kile kile, safari hii tumelala. Kichwa kilikuwa kinapasuka na damu imepanda. Daktari mpya, asiyetujua, aliuliza dawa zetu. Tulitaja zile za damu kwa majina yake yote, kwa majivuno ya mtu wa kazi. Kisha alikuja msichana mwenye koti jeupe, mfamasia. Akavuta kiti, akasema, «Shikamoo, Mama. Na nyingine?»

«Hakuna.»

«Za magoti? Za mgongo? Zile za sokoni?»

Tulisema hakuna. Ni kweli tulisema. Tulijua vizuri kwamba vidonge vya maumivu kama vile tulivyokuwa tunanunua Kadutu kila wiki hupandisha damu na kuchosha figo. Tuliwafundisha wengine mambo hayo miaka mingi. Tuliona aibu mbele ya mtoto wa juzi. Yeye hakuondoka. Alitazama mikono yetu, na sisi tukajitazama: tulikuwa tunasokota pindo la kitenge.

«Mama,» akasema pole pole, «kinini gani?»

Tukafungua fundo. Alivihesabu vidonge katika kiganja chake, akaandika, akatushukuru. Kisha alivuka chumba kwenda kwa daktari, wakasimama penye beseni, chini ya taa, vichwa vyao karibu, wakisema kwa sauti ndogo.